Siku moja gerejini: raba za pedali za Nissan Leaf

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mahamri kwa mbaazi, chai ya maziwa, halafu matatu kuvuka daraja la Nyali. Gereji tunayofanyia kazi iko upande wa Kisauni, na mimi napenda kufika kabla jua halijachoma mabati.

Saa mbili. Mteja wa kwanza ni dada mmoja muuguzi, ametoka zamu ya usiku. Anaendesha Nissan Leaf ya 2018, gari la umeme, ya betri ya kilowati-saa 40, iliyoletwa kutoka Japani kama yalivyo magari mengi ya mtumba hapa kwetu. "Fundi, mguu unateleza kwenye breki, hasa mvua ikinyesha. Na hiki kifuniko cha eksileta kinacheza." Ananikabidhi na mfuko: seti ya pedali za alumini zinazong'aa, aliyoagiza mtandaoni, na pakiti ya skrubu za kujitoboza. Namwambia aache gari akalale, nitampigia kabla ya kugusa chochote kisichohitajika.

Saa tatu. Kazi ya pedali unaifanya ukiwa umelala chali, kichwa chini ya usukani, na kwenye gari la umeme kuna jambo la kufanya kabla ya kulala pale. Rimoti nampa kijana ninayemfundisha kazi, aipeleke ofisini, mbali na gari. Gari la petroli likiwaka unalisikia. Leaf inakaa kimya: kanyaga breki, gusa kitufe, taa ya kijani yenye picha ya gari inawaka na gari liko tayari kuondoka. Sasa fikiria fundi anasukuma pedali ya breki kwa mkono huku mwenzake akiegemea kitufe kwa bahati mbaya. Rimoti ikiwa mbali, hilo haliwezekani. Magurudumu pia tumeyawekea vizuizi.

Namulika tochi. Raba ya breki imelika upande wa kulia, mistari imefutika kabisa, na kwenye kona mpira umepasuka hadi chuma kinaonekana. Mchanga wa pwani unafanya kazi kama msasa. Unapanda na viatu na kubaki pale. Kwenye eksileta kuna kifuniko cha mpira ambacho mtu fulani huko nyuma alikichomeka juu ya pedali ya plastiki. Nakisukuma kwa kidole gumba na kinateleza kushuka. Nakinusa: harufu ya ile dawa ya kung'arisha dashibodi. Kimepakwa mafuta kutoka nje na ndani.

Hapo nasimama kumweleza kijana, kwa sababu hili ndilo linalonikera kuliko yote katika kazi hii. Watu wanaona kifuniko cha pedali ni urembo. Aprili 2024 kampuni ya Tesla iliyaita yarudi kurekebishwa magari yake ya umeme 3,878 aina ya Cybertruck kule Marekani, kwa sababu ya kifuniko cha eksileta. Kiwandani walianza kutumia sabuni ili kiingie kwa urahisi, mabaki ya sabuni yakabaki, kifuniko kikawa kinaweza kuchomoka na kunasa kwenye pambo la juu ya pedali, eksileta ikabaki imekanyagwa. Ikabidi wakifunge kwa riveti. Kampuni yenye wahandisi wote wale, na sababu ni sabuni. Mota ya Leaf hii inatoa nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 320, na inaitoa papo hapo gari likiwa limesimama, bila kusubiri injini ipande.

Saa nne na nusu. Nampigia dada wa watu, namwomba radhi kwa kumwamsha. Namweleza kwamba zile za alumini sitazifunga. Ya eksileta inataka nitoboe pedali ya plastiki, na plastiki ikitobolewa inapungua nguvu mahali pale pale inapokanyagwa. Ya breki inaongeza unene, kwa hiyo mguu wake uliozoea kutoka eksileta kwenda breki utakuta ukingo usioujua. "Lakini fundi, mimi breki siigusi sana, natumia ile e-Pedal." Kweli. Kwenye Leaf hii, e-Pedal ikiwashwa, ukiinua mguu taratibu kutoka kwenye eksileta gari linapunguza mwendo lenyewe, linarudisha umeme kwenye betri, na linasimama kabisa. Namjibu: "Ndiyo maana dada. Siku utakayoikanyaga breki kwa nguvu ni siku mtoto amekatiza barabara, na siku hiyo mguu usiteleze." Anakubali. Kijana anaenda mjini kununua raba halisi ya breki. Nampa ile ya zamani ailinganishe mkononi, kwa sababu picha ya simu inadanganya ukubwa.

Saa sita na nusu. Sala, kisha wali wa nazi na samaki.

Saa nane. Raba mpya imefika. Nimeianika kwenye boneti la pikapu iliyo juani mpaka ikalainika. Bamba la breki nimelisugua kwa kitambaa chenye spiriti hadi kitambaa kikatoka cheupe. Sitii mafuta, sitii sabuni. Naanza na mdomo wa raba wa upande wa kushoto, naupitisha nyuma ya bamba, nashikilia kwa kidole gumba, halafu navuta upande wa kulia kwa mpini wa kijiko cha mbao, kwani bisibisi hukata mpira. Mdomo wa juu unaingia haraka. Wa chini ndio mkaidi, na ndio unaosahaulika kwa sababu hauonekani ukiwa umesimama. Napitisha kidole nyuma kuzunguka pande zote nne, nikihisi kama kuna mahali umejikunja. Kisha navuta raba kwa nguvu zangu zote, kila upande. Haisogei.

Kifuniko cha eksileta nakitoa na hakirudi. Pedali ya plastiki chini yake ina mistari yake mizima kabisa. Inahitaji kusafishwa tu. Chini nakuta mikeka miwili, mmoja juu ya mwingine, wa juu haujafungwa kwenye ndoano. Nautoa pia, wa chini naufunga. Eksileta sasa inashuka hadi mwisho na kurudi bila kugusa kitu.

Saa tisa kuna matatu inayotaka raba ya klachi. Dakika chache, imekwisha.

Saa kumi. Najaribu Leaf kwenye barabara ya nyuma, kwanza kwa e-Pedal, kisha nikiwa nimeizima ili breki ifanye kazi yake. Nakanyaga kwa soli kavu, halafu naimwagia maji na kukanyaga tena. Mguu unakaa.

Saa kumi na moja. Dada amerudi. Namwonyesha raba ya zamani na ile kona iliyopasuka, namrudishia alumini zake, na kumwomba dawa ya dashibodi isifike tena kwenye pedali. Anauliza kama aziuze. Namwambia azirudishe dukani kama bado wanazipokea, na wiki ijayo apite nipapase tena ule mdomo wa chini, maana raba mpya hujipanga upya ikishakanyagwa siku kadhaa.