Thailand Mpya: Anayeweka Masharti ni Nani?

Mwaka 2019, kabla ya janga la korona, Thailand ilipokea wageni wanaokaribia milioni 40, na wengi wao walimiminika katika maeneo yale yale machache: Bangkok, Phuket, Pattaya, Chiang Mai na visiwa vya Phi Phi. Siku hizi matangazo ya utalii ya nchi hiyo yana sauti nyingine. Mgeni anaahidiwa kupika pamoja na akina mama wa kijijini, kuchuma majani ya chai, kuogesha tembo na kulala nyumbani kwa mvuvi. Jamaa wanaopanga safari ya huko huniuliza kipi katika hayo ni cha kweli na kipi ni biashara ya zamani iliyovishwa nguo mpya. Jibu langu ni moja: tazama kwanza ni nani aliyeweka masharti ya ziara hiyo, na fedha unazolipa zinaishia mikononi mwa nani.

Wakati mwingine mwenye kuweka masharti ni serikali. Ghuba ya Maya, katika kisiwa cha Phi Phi Leh, ilipata umaarufu baada ya filamu ya Hollywood iliyotoka mwaka 2000, na kufikia mwaka 2018 ilikuwa ikipokea hadi watu 5,000 kwa siku katika ufuo mfupi uliozungukwa na majabali ya mawe ya chokaa. Nanga na injini za mashua ziliyavunja matumbawe, hadi ghuba ikafungwa mwezi Juni mwaka huo. Ilifunguliwa tena Januari 2022, lakini kwa utaratibu mwingine kabisa: mashua haziruhusiwi kuingia ghubani, bali hutia nanga upande wa nyuma wa kisiwa, na wageni huvuka kwa miguu juu ya njia ya mbao, kwa zamu zenye idadi maalumu. Kuogelea hakuruhusiwi, na kila mwaka ghuba hufungwa mwezi wa Agosti na Septemba ili ipumzike. Wakati wa kufungwa, papa wenye mapezi ya ncha nyeusi walirejea katika maji yale ya kina kifupi. Katika mkondo huo huo, mwaka 2021 Thailand ilipiga marufuku, ndani ya hifadhi zake za bahari, losheni za kujikinga na jua zenye kemikali zinazodhuru matumbawe, na faini inaweza kufika baht 100,000 (baht ni sarafu ya Thailand). Wako wageni wanaonung'unika kwamba wamesafiri mbali kote huko ili waloweshe miguu tu. Mimi nadhani wamepata zaidi ya walichokilipia.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda zaidi haukuanzia serikalini. Kisiwa cha Koh Yao Noi kiko katika ghuba ya Phang Nga, kati ya Phuket na Krabi, na wakazi wake wengi ni Waislamu wanaoishi kwa uvuvi na kilimo cha miti ya mpira na minazi. Msomaji wa pwani yetu asingehisi ugeni mkubwa akiona misikiti, mikoko na mashua zilizolazwa ufukweni maji yanapokupwa. Miaka ya 1980 na 1990 meli kubwa za kukokota nyavu zilikuwa zikiingia hadi karibu na pwani, ingawa sheria ya wakati huo ilizikataza kuvua ndani ya kilomita tatu kutoka nchi kavu, na wavuvi wadogo waliona samaki wakipungua mwaka hadi mwaka. Waliungana kuzipinga meli hizo. Ndipo walipoanza pia kuwapokea wageni majumbani mwao, kwa shabaha ambayo ni nadra kuisikia katika biashara ya utalii: walitaka watu wa nje waione bahari yao na wayaelewe mapambano yao. Familia hupokea wageni kwa zamu ili kipato kisiangukie nyumba moja, na sehemu ya fedha hutengwa kwa kazi za jamii na uhifadhi. Mgeni hukubali kuvaa kwa heshima na kutoleta pombe. Mwaka 2002 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya utunzaji wa mazingira. Hoteli za kifahari nazo zimefika kisiwani baadaye, lakini wenyeji walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuendesha utalii kwa kanuni zao.

Kisiwa jirani, Koh Yao Yai, kimetupa somo la upande wa pili. Januari 2025 mgeni kutoka Hispania aliuawa na tembo aliyekuwa akimwogesha katika kituo kimoja cha huko. Tembo wa Thailand waliingia kwa wingi katika utalii baada ya serikali kupiga marufuku ukataji wa magogo misituni mwaka 1989, kufuatia mafuriko makubwa ya mwaka uliotangulia kusini mwa nchi. Wanyama na watunzaji wao walipoteza kazi ghafla, na tumbo la tembo haliwezi kungoja. Kwa miaka mingi kazi yao mpya ilikuwa kubeba watalii kwenye viti vilivyofungwa migongoni. Wageni walipoanza kuchukizwa na viti vile, vituo vingi vilihamia kwenye kuogesha, na tendo hilo likaitwa huruma. Sikubaliani nalo. Tembo anayeingizwa mtoni mara kadhaa kwa siku, kila mara na kundi jingine la wageni, bado yuko kazini. Vituo vinavyostahili nauli yako ni vile vinavyokutaka ukae mbali umtazame akila, na viko, hasa katika jimbo la Chiang Mai.

Katika jimbo hilo hilo kuna Mae Kampong, kijiji cha milimani kilichoishi zamani kwa miang, yaani majani ya chai yaliyochachushwa ya kutafuna. Soko la miang lilipofifia, wanakijiji walifungua nyumba zao kwa wageni kupitia ushirika wao, ambao pia unahusika na umeme wanaouzalisha kutokana na kijito chao. Tatizo lake sasa ni sifa yake: mwishoni mwa juma magari hujazana katika njia yake nyembamba, wengi wakija kunywa kahawa na kupiga picha tu. Nenda katikati ya wiki, na ulale.

Kulala ndilo jambo ninalosisitiza zaidi kwa msafiri wa kwetu. Kutoka Nairobi hadi Bangkok ni zaidi ya kilomita 7,000 angani, na moshi wa safari hiyo haufutwi na kubeba kikombe cha mianzi badala ya cha plastiki. Afadhali ukae wiki tatu katika majimbo mawili kuliko kurukaruka kwa ndege za ndani. Kutoka Bangkok hadi Chiang Mai kuna treni ya usiku, kilomita 751, yenye vitanda na mashuka safi. Vitanda hivyo huisha mapema, hasa karibu na sikukuu ya Songkran katikati ya Aprili, kwa hiyo nunua tiketi kabla hujaondoka nyumbani.