Ella Fitzgerald, sauti isiyo na kinyongo

Jumapili usiku, Nkuhungu, Dodoma

Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa kweli wa muziki wa zamani, alisema jana tukiwa Area D kwamba Ella Fitzgerald, yule mwimbaji wa jazz wa Marekani, anaimba kama mtu ambaye hajawahi kulia. "Ukitaka jazz yenye uchungu, msikilize Billie Holiday," akasema. "Huyo wako anacheka tu." Wenzetu wakaitikia, kuku wakaletwa mezani, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya viwanja vya Ihumwa. Mimi nilibaki palepale. Leo upepo umevuma kutwa nzima, vumbi limeingia mpaka kabatini, sikutoka. Nimemsikiliza Ella tangu asubuhi, na nataka kuandika lile ambalo jana sikupata nafasi ya kulisema.

Billie namheshimu mno. Wimbo wake wa 1939 kuhusu watu weusi walionyongwa mitini kusini mwa Marekani siwezi kuusikiliza huku napika au napiga pasi. Lazima nikae chini. Sauti yake ilikuwa ndogo, naye aliitumia hiyohiyo ndogo mpaka ukajiona unanong'onezwa siri. Hapo sina ubishi. Ninachokataa ni hii dhana kwamba mwimbaji asiyetuonyesha kidonda chake hana kidonda.

Ella alizaliwa tarehe 25 Aprili 1917 huko Newport News, jimbo la Virginia, akakulia Yonkers, pembeni mwa jiji la New York. Mama yake alifariki 1932, binti ana miaka 15. Akachukuliwa na dada wa mama yake, Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York. Shule ikamshinda, akawa anafanya kazi ya kusimama nje ya danguro na kuwatahadharisha waliomo ndani polisi wanapokaribia. Akakamatwa, akapelekwa shule ya maadilisho ya wasichana kule Hudson. Alipotoka huko hakuwa na kwao. Alilala alipopata, akacheza na kuimba mitaani kwa vijisenti vya wapita njia.

Tarehe 21 Novemba 1934 alipanda jukwaa la Apollo, Harlem, usiku wa mashindano ya wasio na majina. Alikuwa na miaka 17, na alikusudia kucheza dansi. Bahati yake, waliomtangulia walikuwa akina dada Edwards, wachezaji hodari kweli, na ukumbi wa Apollo ulikuwa hauna huruma na mtu anayechechemea. Akabadili nia palepale, akaimba. Aliimba kwa kumwiga Connee Boswell, mwimbaji ambaye mama yake alileta santuri yake nyumbani na binti akaipenda. Akashinda dola 25.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtoto wa mtaani, hana mama, nguo zimechakaa, ameganda mbele ya watu wanaosubiri kumzomea. Kati ya sauti zote duniani anachagua ile iliyokuwa ikisikika nyumbani mama akiwa hai. Anayesema huyu hakulia amsikilize vizuri.

Na kuna sababu nyingine ya kunifanya nisimwelewe mtu anayedhani furaha ya sauti ni dalili ya maisha mepesi. Mwaka ule wa 1917 aliozaliwa Ella haujasahaulika hapa Ugogo. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita katika ardhi hii, majeshi yakabeba nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua vijana wakawe wapagazi. Kisha mvua zikakataa. Njaa iliyofuata, tangu 1917 hadi 1920 hivi, wazee wetu wanaiita Mtunya. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa baada ya hapo, ila alilelewa katika nyumba ya watu walionusurika, na habari zote alikuwa nazo: mtoto gani aliwekwa rehani kwa mtama, nani aliondoka kutafuta chakula asionekane tena, ukoo gani ulibaki na mtu mmoja. Alizisimulia taratibu wakati akipepeta uwele, bila kuinua sauti.

Huyohuyo bibi ndiye mtu aliyeimba kwa furaha kuliko wote niliowahi kuwafahamu.

Alikuwa mpiga muheme. Ambaye hajawaona wanawake wa Kigogo wakipiga muheme ana kitu kizuri sana kinamsubiri. Mwanamke anaibana ngoma katikati ya mapaja, anaipiga kwa viganja huku mwili mzima unakwenda, na wimbo unatoka kinywani mwake humohumo ndani ya mapigo. Mmoja anaanzisha, kundi linapokea, sauti zinapishana, zinapandana, na hakuna anayeonekana kuhesabu. Bibi alipoanzisha, uso wake ulikuwa mwepesi kabisa. Nilikuwa mdogo, nikiamini anafurahi kwa sababu anacheza. Sasa naamini alikuwa akijua anachokifanya. Mtunya aliuacha kwenye masimulizi, ambako kila neno lake lilikuwa na mahali pake, na ngoma akaiachia kazi ya ngoma.

Ndiyo maana katika habari za Ella mtu anayenivuta sana ni Chick Webb. Huyu alikuwa mpiga dramu kutoka Baltimore, mfupi mno, mgongo wake uliharibiwa na kifua kikuu cha mifupa tangu utotoni. Bendi yake ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa Savoy Ballroom, ukumbi wa dansi wa Harlem ambamo weusi na weupe walicheza sakafu moja wakati ambapo sehemu nyingi za Marekani jambo hilo halikuruhusiwa. Bendi ngeni zilikuja kushindana naye na kuondoka zimenyamaza. Mei 1937 alikuja Benny Goodman, aliyeitwa mfalme wa swing, yaani jazz ya kuchezea dansi, na walioshuhudia wakasema Webb ndiye aliyeshinda. Ella aliingia kwenye bendi hiyo 1935. Mwaka 1938 yeye na Van Alexander wakautengeneza upya wimbo wa watoto kuhusu kikapu kilichopotea, nchi nzima ikamjua. Webb akafariki Juni 1939, na bendi ikapewa jina la Ella, mwanamke wa miaka 22.

Shule yake ya muziki, basi, ilikuwa dramu. Usiku baada ya usiku alisimama hatua chache kutoka kwa Webb, mbele ya watu waliokuja kucheza. Hukumu ya ukumbi wa dansi tunaijua sisi tuliolelewa na wazazi waliowapenda Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au Tabora Jazz: watu wakikaa chini, bendi imeshindwa, hata mwimbaji awe na sauti ya malaika. Ukimsikiliza Ella katika nyimbo za kasi, utamsikia anachelewesha neno kidogo, unadhani limempita, kisha anatua juu ya pigo kama mtu aliyekuwa analisubiri. Waimbaji wengi wakubwa wanabebwa na ngoma. Yeye ngoma ilikuwa ndani yake, na kwa hilo ninamwona karibu sana na wanawake wa muheme, ingawa hawakupata kusikiana.

Leo nimerudia mara nyingi onyesho lake la Berlin la tarehe 13 Februari 1960. Nikilazimishwa kubaki na rekodi moja tu ya jazz, nitabaki na hii. Yuko na watu wanne tu: Paul Smith kwenye piano, Jim Hall kwenye gitaa, Wilfred Middlebrooks kwenye besi na Gus Johnson kwenye dramu. Anatangaza kwamba ataimba "Mack the Knife", wimbo ambao haujazoeleka kuimbwa na mwanamke, na anasema wazi kwamba anatumaini atayakumbuka maneno. Wimbo wenyewe ulizaliwa Berlin hiyohiyo mwaka 1928, kazi ya Kurt Weill na Bertolt Brecht, kwa hiyo anauimba nyumbani kwa wimbo, mbele ya maelfu ya wenyeji. Beti za mwanzo zinakwenda vizuri. Katikati maneno yanapotea.

Sikiliza anachofanya. Hasimami, hapunguzi mwendo, hata pumzi haibadiliki. Anaimba kwamba amesahau, na anayasema hayo kwa vina, ndani ya pigo. Anawataja Bobby Darin na Louis Armstrong walioufanya wimbo huo upendwe, anaikwaruza sauti yake akawa Armstrong mwenyewe, anakiri kwamba yeye na wenzake wanauharibu wimbo, na ukumbi mzima unamfuata kwa shangwe. Kila zamu muziki unapanda nusu hatua naye anapanda nao. Rekodi ile ikampa tuzo mbili za Grammy.

Katika onyesho hilohilo umo wimbo mwingine, "How High the Moon", ambao anaimba kwa takriban dakika saba, nyingi zikiwa skati tupu, silabi zisizo na maneno. Humo ndani anapachika vipande vya nyimbo nyingine, kimoja kinaingia na kutoka kabla hujakitambua, na mwishoni anageuza mstari wa wimbo maarufu kuhusu moshi machoni akaimba kuhusu jasho linalomwingia machoni. Jasho la kweli, amefanya kazi. Mimi huwa nasimama pale. Mtu anayecheka "tu" hawezi kufika huko. Furaha ya namna hiyo inataka kumbukumbu, sikio, mapafu na miaka ya kusimama jukwaani kila usiku.

Tena hiyo ni furaha ya mwanamke mweusi aliyesafiri Marekani ya ubaguzi. Mwaka 1954 alizuiwa kuendelea na ndege Honolulu akiwa njiani kwenda Australia, naye akaishitaki kampuni ya ndege. Oktoba 1955, Houston, meneja wake Norman Granz alikuwa ameshikilia kwamba wasikilizaji wasitenganishwe kwa rangi. Polisi wakavamia chumba cha Ella cha kubadilishia nguo wakidai humo mnachezwa kamari, wakamkamata Ella na wenzake, akiwemo Dizzy Gillespie. Aliachiwa kwa dhamana, akarudi ukumbini, akaimba onyesho la pili usiku uleule. Natamani kujua aliimba vipi saa ile. Nina hakika hakuimba vibaya.

Hata hivyo kitu ninachompendea zaidi ni kwamba hakujiweka mbele ya wimbo. Billie akiimba, unamsikia Billie, na ndivyo inavyopasa kuwa kwake. Ella akiimba, unausikia wimbo: kila neno limetamkwa, kila kona ya mwendo imeonekana, utadhani mtu ameosha dirisha. Kwa sababu hiyo Granz alimchagua kwa kazi kubwa ya 1956 hadi 1964, zile albamu za watunzi: Cole Porter kwanza, wakafuata Rodgers na Hart, Duke Ellington, Irving Berlin, ndugu wawili Gershwin, Harold Arlen, Jerome Kern na Johnny Mercer. Ile ya Gershwin ya 1959, aliyoifanya na mpangaji muziki Nelson Riddle, peke yake ina nyimbo zaidi ya 50. Ira Gershwin, yule ndugu aliyeandika maneno ya nyimbo hizo, alisema hakuwahi kujua nyimbo zao ni nzuri kiasi gani mpaka alipomsikia Ella akiziimba. Nyimbo nyingi kati ya hizo zilitungwa kwa ajili ya michezo ya jukwaani na sinema ambazo watu wameshaziacha. Zimebaki hai kwa sababu mwanamke mmoja alikubali kuketi nazo moja baada ya nyingine na kuziimba kwa heshima.

Kisukari kilimtesa sana uzeeni, kikamharibia macho, na 1993 akakatwa miguu yote miwili chini ya magoti. Alifariki nyumbani kwake Beverly Hills tarehe 15 Juni 1996. Nyimbo alishazimaliza.

Mchana wa leo, nikisikiliza albamu ya Cole Porter, nimewaza nyimbo za bibi. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu, aliifikisha ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na zeze ya Kigogo kwenye majukwaa ya dunia, na najivunia hilo kila nikisikia jina lake. Lakini nyimbo ambazo bibi alianzisha kijijini, zile za unyago wa wasichana, za mavuno, za kumcheka mwanamume mvivu wa shamba, sina hata moja kwenye kinasa sauti. Alipofariki, familia ilibaki na picha mbili na ngoma.

Mdogo wake yupo bado, kijiji kimoja upande wa Mvumi, na ana akili timamu kabisa. Nimempigia simu jioni. Nimemwamkia "Mbukwenyi, bibi," akaitikia, tukasalimiana kwa urefu unaostahili, ndipo nikamwomba aniimbie nyimbo zote za dada yake anazozikumbuka, mpaka ziishe. Akauliza nazitaka za nini. Nikamwambia nataka kuziweka pamoja, kwa mpangilio, na jina la aliyetunga kila mmoja kama analijua. Akanyamaza, kisha akaanza kuwataja, huyu wa Handali, yule aliyeolewa Chamwino, majina ambayo sikuwahi kuyasikia. Nimeandika haraka nyuma ya bahasha.

Amesema niende kabla watu hawajaanza kusafisha mashamba, nichukue sukari na kitenge, na wapiga muheme wenzake atawaita mwenyewe. Sharti lake moja: akianza kuimba nisimkatishe kuuliza maana, maswali yatakuja baadaye tukila ugali na mlenda. Binamu yangu ana kinasa sauti kizuri na maikrofoni mbili. Nimemwandikia, amekubali, anauliza betri za akiba tununue ngapi.