Aliona Midomo Yao

"Watoto wako wanahesabu, mwalimu. Nimeiona midomo yao."

Hayo tu. Yule mzee aliyasema Jumapili pale Bujora, kwenye Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, akashika fimbo yake, akaondoka kuelekea kwenye ngoma za wakubwa. Nilibaki nimesimama na ndoo ya maji ya kunywa ya watoto. Tangu siku hiyo nayasikia nikiosha vyombo, nayasikia nikisahihisha madaftari, na jana nimeyasikia kwenye daladala mpaka nikapitilizwa kituo.

Hakukaripia. Angekaripia ningejua la kujibu. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuambia kamba ya mbuzi wako imelegea, halafu anaendelea na safari yake. Nami nilijibu nini? "Ndiyo, mzee." Basi. Maneno yote mazuri ya kumjibu yamekuja baadaye, usiku, baba watoto akiwa amelala na mimi natazama chandarua.

Mnalijua darasa letu la Jumamosi, nimeshaandika lilivyoanza: watoto wa majirani, ngoma za kuazima, kivuli cha mwembe. Wengi ni watoto wa Kisesa hii ya sasa inayopokea kila aliyeshindwa kodi za nyumba Mwanza mjini. Kuna watoto wa Kisukuma ambao Kisukuma chao kinaishia kwenye "mwadila". Kuna Wajita, Wakurya, Wahaya, na yule binti ambaye wazazi wake wametoka Tanga, ambaye ndiye anayeruka juu kuliko wote. Hao ndio ninaowafundisha bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma. Na Bulabo ya mwaka huu ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kukanyaga uwanja ule mbele ya watu.

Bugobogobo imezaliwa shambani. Watu walijipanga mstari kwenye shamba la mwenzao, ngoma inapigwa, mwimbaji anaimba, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja, na kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja siku nyingi inaisha bila mtu kuhisi mgongo. Yale majembe mnayoyaona uwanjani yakirushwa, yakizungushwa na kudakwa, yametoka huko. Aliyelima hivyo hahitaji kuhesabu. Mkono wake unajua jembe linaposhuka kwa sababu jirani yake wa kulia na wa kushoto wanashusha.

Watoto wangu hawajalima. Wengine nyumbani kwao hakuna hata jembe, tumewaazimia. Nikimwambia mtoto wa namna hiyo "isikilize ngoma", ananitazama usoni. Nikimwambia "moja, mbili, tatu, inua", anainua, na akiinua mara ya kwanza anacheka, na akicheka nimempata. Hilo ndilo nililotaka kumwambia yule mzee. Kwamba kuhesabu ni mlango niliowafungulia waingie. Nilitaka kumwambia pia kwamba yeye alizaliwa ndani ya nyumba hiyo, kwa hiyo hakuwahi kutafuta mlango. Nimeyapanga maneno haya mara nyingi wiki hii, yakawa mazuri, na mzee hayupo wa kuyasikia.

Wakati mwingine naisikia sentensi yake kwa namna nyingine. "Nimeiona midomo yao." Labda msisitizo ulikuwa kwenye midomo? Maana angeweza kusema miguu yao iko nyuma ya ngoma, na haikuwa nyuma. Angeweza kusema majembe yanagongana, na moja tu liligongana, la kaka yake yule binti. Hakusema hivyo. Alisema midomo. Basi nikilala upande mmoja naona amewadharau, nikigeukia upande mwingine naona amewahurumia, na sijui kipi kinauma zaidi.

Katikati ya haya baba watoto amerudishwa kazini, na mdogo wangu wa Kahama kajifungua mapacha, wote wazima, Mungu ashukuriwe.

Shangazi wa Magu alikuja kwa ajili ya Bulabo na bado tuko naye. Alhamisi tulikuwa nje tunamenya viazi nikamweleza. Nilitegemea atasema wazee wa siku hizi wana maneno. Hakusema. Aliuliza, "Mzee gani?" Nikamweleza alivyo, kofia yake, fimbo yake, lile kovu la kwenye nyusi.

"Huyo alikuwa manju wa Bagika," akasema. "Enzi zake alikuwa anatikisa. Alikuwa amesimama wapi?"

"Upande wetu, shangazi."

"Karibu?"

"Karibu sana. Si ndiyo maana akaona midomo."

"Na Bagika walikuwa hawajaanza?"

"Walishaanza. Ngoma zao zilikuwa zinalia upande wa pili."

Akaweka kisu chini. "Mtu wa Bagika anaiacha ngoma ya kwao inalia, anavuka uwanja, anakuja kusimama kwa watoto wa chini ya mwembe mpaka anaona midomo inavyotikisika. Sasa wewe kinachokukosesha usingizi ni nini?"

Kwa wasiokulia huku, lazima nieleze kidogo. Wacheza ngoma wa Usukuma wana pande mbili, Bagika na Bagalu, na simulizi za wazee zinazirudisha kwa waganga wawili mahasimu wa zamani, Ngika na Gumha. Upande wa shangazi ni Bagalu, na mpaka leo hakai mkeka mmoja na wimbo wa Bagika. Siku ya mashindano makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu wako huru kutazama wanakotaka. Ndiyo sababu mnaona chatu, vinyago, majembe yanayoruka, na ndiyo sababu manju, yaani kiongozi na mwimbaji wa kundi, anatafuta dawa na nyimbo mpya mwaka mzima: kuwavuta watu. Lenye watu wengi limeshinda. Ukiona migongo ya watu inaondoka kwako, umeshajua. Padri David Clement, yule mmisionari wa Kikanada aliyefika Bujora miaka ya 1950, aliyaunganisha mashindano hayo na sikukuu ya Ekaristi, na ndiyo Bulabo tunayoijua, maandamano ya Sakramenti kisha ngoma kila mwezi wa sita. Lakini kanuni ya watu kwenda wanakovutwa haikubadilika.

Nayo kanuni hiyo naijua tangu utoto. Nimewaeleza watoto wenyewe kanuni hiyo, Jumamosi baada ya Jumamosi. Ila nilikuwa nawaza watu, umati; sikuwaza mzee mmoja na miguu yake.

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka shangazi akasema viazi vitaungua, na vilikuwa bado havijabandikwa. Jioni ile nilipiga ngoma peke yangu nyuma ya nyumba mpaka jirani akachungulia. Leo asubuhi chini ya mwembe tulihesabu kama kawaida. Sitaacha, na nikikutana na mzee nitamwambia hivyo hivyo, kwa heshima zote. Lakini nimekata shauri nikamtafute. Shangazi anajua kwake, ni njia ya kwenda Kisesa kwenyewe, kabla ya mashine ya kusaga. Nitamwomba aje Jumamosi moja akae tu kwenye kiti, asifundishe kama hataki. Watoto waione midomo yake akisikiliza ngoma. Nataka sana kujua inafanya nini.

Binti wa Tanga kauliza kama Bagalu wanapokea watu wa Tanga. Shangazi kamjibu, "Wanapokea wanaoruka."

Nikiwa naandika haya kitinda mimba wangu yuko hapa mezani anasoma, na kitabu amekiweka karibu na pua kiasi kwamba taa haimfikii. Nimemwambia akisogeze, kakisogeza, dakika moja kakirudisha. Shemeji anasema ni mazoea mabaya. Wa kwetu upande wa baba wawili walianza hivyo hivyo wakiwa wadogo, na miwani walikuja kuipata wakiwa wameshachelewa masomo. Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza nitamwona mwalimu wake nimwulize anamkalisha dawati la ngapi kutoka ubaoni.