Ngazi Tatu za Nyumba ya Baba

Baba alipofariki alituachia nyumba Majengo, hapa Moshi: vyumba nane, korido katikati, choo na bafu uani. Wadogo zangu walitaka iuzwe tugawane. Kwenye kikao cha ukoo niliuliza swali moja tu: siku mama akitangulia, kaka atakaa wapi?

Kaka yetu ana mtindio wa ubongo. Umri wake miaka 41, anatumia kiti mwendo, maneno yanamtoka taratibu lakini kichwani ni wembe. Alikuwa akiishi na mama Kibosho, na anayeijua Kibosho wakati wa masika haitaji maelezo. Mteremko na tope. Mwenye magurudumu hatoki mpaka abebwe, na aliyekuwa akimbeba ni mama, mwenye miaka 76.

Nilishajaribu kumpangishia chumba mjini. Dalali alinizungusha nyumba sita. Kodi ya miezi sita wanaikubali vizuri, lakini wakimwona mpangaji mwenyewe, chumba "kimeshachukuliwa". Mmoja tu alisema kweli: "Akianguka bafuni, mimi nitajibu nini?"

Wadogo wakanipa miaka mitatu, shingo upande, niigeuze nyumba iwe makazi ya kaka na wenzake wenye ulemavu.

Nikaanza na ngazi. Baraza imeinuka sentimita 45, ngazi tatu. Fundi akacheka, "Dada, hiyo kazi ya asubuhi moja." Akamwaga zege, mteremko wa mita mbili. Kaka alipojaribu kupanda, magurudumu ya mbele yakanyanyuka na kiti kikaenda kinyumenyume; bahati nilikuwa nyuma yake. Kumbe kuna hesabu: kila sentimita moja ya kupanda inataka kumi na mbili za kwenda mbele. Kwa baraza yetu ni karibu mita tano na nusu, na kutoka barazani hadi getini ni mita nne. Aliyetuokoa ni mwanafunzi wa TATCOT, kile chuo cha viungo bandia pale hospitali ya KCMC. Alichora mteremko unaoambaa na ukuta hadi kona, pale pana sehemu bapa ya mita moja na nusu ili kiti kigeuke, kisha unamalizia kupanda. Zege la kwanza tulilivunja kwa nyundo. Saruji ile inaniuma mpaka leo.

Milango ilikuwa ya sentimita 70. Kiti kilipita, vidole vikachubuka. Tukabomoa hadi 90, ila ile ya lazima tu. Chumba kimoja tukakifanya choo na bafu la ndani, choo cha kukaa, na vishikio hatukununua dukani: fundi wa kuchomelea alitengeneza kwa bomba la maji la chuma, tukalichimbia ukutani. Nililining'inia mwenyewe kulipima, na mimi si mwembamba.

Ujenzi uliisha. Kilichonikosesha usingizi ni nani atalala pale kuwasaidia. Msaidizi wa kwanza aliondoka baada ya wiki mbili, na simlaumu: familia nne zilikuwa zinamtuma kama mtoto wa nyumbani. Wa pili tulimwandikia saa zake. Asubuhi saa 12 hadi saa 3, jioni saa 11 hadi saa 3 usiku, na usiku wa manane ni kengele tu, zile za betri za mlangoni, kila mmoja na yake kitandani. Anakaa bure chumba kimoja na analipwa 150,000 kwa mwezi. Pesa inatoka kwenye nyumba yenyewe: wapangaji wanne wenye ulemavu wanalipa 30,000 kila mmoja, na vyumba viwili nimewapangishia watu wa kawaida kwa 60,000. Inabaki 90,000 ya maji, taka na matengenezo. Mimi sipati kitu, na wadogo zangu wanalijua hilo vizuri mno.

Mwenyekiti wa mtaa alikuja akiuliza kibali cha kituo cha kulelea watu wenye ulemavu. Nikamwonyesha mikataba. Hawa ni watu wazima, kila mmoja ana mkataba wake na ufunguo wake, hakuna anayefungiwa geti. Afisa ustawi wa jamii aliyefuatana naye ndiye aliyemweleza kwamba Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na kwamba kuchagua unapoishi na unayeishi naye ni sehemu ya haki hizo. Mwenyekiti akanywa chai, akaenda.

Watu huniuliza kuhusu ile mikopo ya asilimia 2 ya mapato ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu. Haina riba, kweli, lakini ni ya biashara, si ya kujengea. Dada asiyeona wa chumba cha tatu anaipigia hesabu kwa ajili ya mashine ya kufuma masweta, na hilo naliunga mkono.

Kaka ufunguo wake ameufunga kwenye kamba ya kiatu, anauvaa shingoni. Jumapili iliyopita mama aliteremka na hotipoti ya mtori bila kupiga simu. Akakuta chumba kimefungwa: kaka alikuwa Mbuyuni na wenzake. Mama akanipigia akilalamika kwamba hakuna mwenye ufunguo wa akiba. Nikamwambia anao msaidizi, ila kaka amekataza usitumike hovyo. Akakaa barazani saa nzima, hotipoti mapajani, akimsubiri mwanawe arudi amkaribishe.