Machipukizi ya dungusi kuoza kitako: nilivyotatua

Mammillaria elongata, dungusi dogo la Meksiko lenye mashina kama vidole, huzaa machipukizi mengi, lakini yangu yalikuwa yakioza kabla ya kutoa mizizi. Kitako kinalainika, kinageuka kahawia, kisha chipukizi linang'oka likiguswa tu. Kupunguza maji, kupaka unga wa mdalasini na kuhamia chungu cha udongo kulichelewesha uozo, hakukuuzuia.

Kilichofaa ni hiki. Kata chipukizi la sentimita 3 hadi 5 pale lilipojibana kwenye shina, kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti. Lilaze kivulini penye hewa siku 7 hadi 10, mpaka kidonda kiwe kikavu na kigumu.

Changanya changarawe sehemu 2 na udongo sehemu 1. Hapa ndipo penye siri: changarawe ichekechwe, kisha ioshwe mpaka maji yatoke safi. Lile vumbi laini huziba nafasi za hewa na kushika maji hasa pale kidonda kilipo. Juu ya mchanganyiko tandaza sentimita 1 ya changarawe tupu, chipukizi likae juu yake bila kufukiwa. Likiyumba, liegemeze kwa kijiti.

Usimwagilie. Kusinyaa kidogo si ugonjwa. Linatumia akiba yake. Penye joto, mizizi huanza baada ya wiki 2 hadi 4. Livute polepole: likishika, mwagilia mpaka maji yatoke chini, halafu acha pakauke kabisa kabla ya kurudia. Jua kali la mchana lisubiri, maana chipukizi lisilo na mizizi huungua upesi.