Nani Atamdhamini Kaka Yangu?

Kaka yangu alitoka gerezani Novemba 2020, baada ya kutumikia miaka 6 kati ya 9 aliyohukumiwa kwa kosa la kuvunja duka usiku na kuiba. Theluthi iliyobaki alipunguziwa kwa mwenendo mwema, kama Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inavyoruhusu. Mimi na mjomba tulimpokea, tukampeleka Mvumi kwa mama, ambaye alimsongea ugali wa uwele kwa mlenda na hakumuuliza neno lolote hadi alipomaliza kula.

Dodoma aliyoiacha mwaka 2014 ilikuwa bado manispaa. Aliikuta jiji, Serikali imekwisha kuhamia, viwanja vimepanda bei, na wazee wengi wa mtaa tuliokulia, wale ambao wangeweza kusema "huyu ni mtoto wetu, tunamjua alivyokuwa na tunajua alivyokosea", wameuza nyumba zao na kwenda kujenga mbali. Jambo hili lilimwumiza kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kila mlango aliobisha uliuliza swali lile lile: nani anakufahamu?

Laini yake ya simu ilikuwa imepotea zamani, na tangu Januari mwaka ule laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilikuwa zikizimwa. Kusajili laini mpya kulihitaji namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ambayo hakuwa nayo. Kuiomba kulihitaji fomu iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Na mwenyekiti wa mtaa, ambaye naye alikuwa mhamiaji, hakuwa tayari kugonga mhuri kwa mtu asiyemjua. Tulipoitwa ofisini kwake mara ya pili, kaka aliposikia jina lake likitajwa kwa sauti aliinamisha magoti kutaka kuchuchumaa, kama wafungwa wanavyofanya wanapohesabiwa. Nilimshika mkono. Mwenyekiti aliona, akanyamaza kidogo, kisha akatuambia turudi na watu wawili wa kumtambua.

Kazi ilikuwa hivyo hivyo. Mwenye bodaboda alitaka wadhamini wawili wenye kipato. Kampuni moja iliyokuwa ikijenga Mtumba ilitaka cheti cha tabia njema kutoka polisi, na hapo hatukuendelea. Gerezani alikuwa amejifunza useremala vizuri, mkono wake kwenye randa ni mwepesi na viungo vya milango yake havilegei, na mwenye karakana mmoja wa Chang'ombe alikiri hivyo baada ya kumjaribu siku mbili. Hata hivyo naye alitaka mtu atakayeweka saini kwamba vifaa vikipotea atalipa. Simlaumu. Mtu aliyewahi kuvunjiwa duka ana haki ya kuogopa, na kaka mwenyewe hajawahi kuniomba nimchukie yeyote kwa kumwogopa.

Ninayemlaumu ni mimi. Karatasi ile ya udhamini ilikaa kwenye mkoba wangu wiki 3. Nilikuwa mwajiriwa, nina mume na watoto, na nilijiambia kwamba natafakari, ilhali ukweli ni kwamba nilikuwa namshuku ndugu yangu wa tumbo moja kama walivyomshuku wageni. Aliniona, akasema, "Mdogo wangu, kama ni mzigo, nirudishie karatasi." Niliweka saini usiku ule, kwa aibu zaidi kuliko kwa imani.

Alianza kazi, lakini namba ya NIDA ilichukua miezi 7. Alipokamatwa alama zake za vidole zilichukuliwa bila mdhamini wala mhuri wa mtaa. Naamini kabisa kwamba mfungwa anayekaribia kutoka angeweza kuandikishwa akiwa bado ndani, ili avuke lango akiwa na namba yake mkononi. Kwa miezi yote hiyo malipo yake yaliingia kwenye simu yangu, na kila Jumamosi jioni mwanamume wa miaka 38 alikuja kwangu kumwomba mdogo wake fedha aliyoitolea jasho, akisimama nje ya mlango hadi nimkaribishe.

Namba ilipotoka alisajili laini siku hiyo hiyo. Kesho yake aliwahi karakana kabla haijafunguliwa, akamsubiri mwenye karakana, akamwomba afute namba yangu kwenye daftari la malipo na kuandika yake.