Nimerudi, Kiswahili Nacho Kimekwenda

Siku ya tatu tangu nirudi Tanga, tumekaa barazani na baba, akaniuliza: "Miaka kumi na miwili New York, mwanangu. Kitu gani cha kule utakikumbuka?"

Nikamjibu: "Foleni."

Akacheka. Foleni hata hapa tunazo, akasema.

Ile ni foleni nyingine. Ndani ya Central Park kuna ukumbi wa tamthilia usio na paa, unaitwa Delacorte, wenye viti kama 1,800. Majira ya joto huchezwa Shakespeare pale, na tiketi hugawiwa bure saa sita mchana kwa waliojipanga tangu alfajiri. Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku naunganisha moja kwa moja hadi bustanini, natandika kanga ya mama chini ya mti, nalala mpaka jirani aniamshe kwamba watu wanasogea.

Mwaka wa kwanza sikuambulia kitu. Kiingereza changu cha kazini kilinitosha kununua mkate na kugombana na mwenye nyumba, lakini si Kiingereza cha miaka mia nne. Mama mmoja mzee aliyekaa kiti cha pembeni aliona ninavyohangaika, akawa ananinong'oneza: huyu anamdanganya yule, yule ndiye baba yake. Mvua ikaanza kunyunya, waigizaji wakaendelea, na mnyama mmoja mdogo wa usiku, rakuni, akakatiza jukwaani bila haraka kama mwenye shamba. Hakuna aliyeondoka.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo akataka historia yake. Mwanzilishi wa maonyesho hayo ya bure ni Joseph Papp, mzaliwa wa Brooklyn, mtoto wa wahamiaji maskini wa Kiyahudi. Alianza mwaka 1954 na kikundi kidogo katika ukumbi wa kanisa. Mwaka 1956 akahamia jukwaa la wazi kando ya East River, akacheza Julius Caesar. Mwaka uliofuata akapakia jukwaa kwenye lori, akizunguka mitaa ya jiji. Wenyewe husimulia kuwa lori lilikufa Central Park, karibu na kidimbwi, na tangu hapo hawakuondoka tena.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha nyasi. Mwaka 1959 Robert Moses, mkuu wa bustani za jiji na mtu aliyeogopwa kuliko mameya, alimtaka Papp atoze kiingilio, kwa sababu watazamaji wanaharibu nyasi na nyasi zina gharama. Papp akakataa: asiye na senti ndiye hasa anayemtaka aje. Wakafikishana mahakamani, na Papp akashinda kwenye rufaa. Kisha, na hapa baba aliguna, Moses huyohuyo akageuka kuwatafutia pesa za kujenga ukumbi wa kudumu. George Delacorte, mchapishaji wa vitabu, akatoa dola 150,000. Ukumbi ukafunguliwa Juni 1962 kwa The Merchant of Venice, na James Earl Jones, kijana bado, akiwa Mwanamfalme wa Moroko.

"Mabepari wa Venisi?" Baba aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kitabu kisicho na jalada. Tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1969. Kabla ya hapo, mwaka 1963, Mwalimu alishatoa Julius Caesar kwa Kiswahili. Tamthilia zilezile mbili! Mimi nilikuwa nikipanga foleni ya Shakespeare kwenye bustani ya watu, na moja ilikuwa kabatini kwetu siku zote nikiitumia kuegemeza redio.

Nilimwambia pia kwamba mwaka 2021, baada ya msimu mzima kufutwa kwa sababu ya korona, ukumbi ulirudi na Merry Wives, kichekesho cha Shakespeare kilichoandikwa upya, wahusika wakiwa Waafrika Magharibi wa Harlem, mtaa wa New York. Mwongozaji alikuwa Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Siku ile nilicheka kabla ya Wamarekani, kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023, baada ya Hamlet, ukafungwa kwa matengenezo makubwa. Nami nikafunga mizigo kabla haujafunguliwa.

Ukafunguliwa Agosti 2025, ukuta wake wa nje umevikwa mbao zilizotolewa kwenye matangi ya maji ya juu ya maghorofa ya jiji. Saheem Ali tena, safari hii na Twelfth Night: pacha wawili wanaopotezana baharini, dada akiokokea nchi ya ugenini asikojulikana. Viola alikuwa Lupita Nyong'o, na Sebastian alikuwa Junior Nyong'o, mdogo wake wa tumbo moja. Na wakati mwingine walizungumza Kiswahili. Pale pale! Miaka yote ile nimesinzia kwenye kanga nikingoja lugha ya watu, na wiki zile chache walipozungumza yangu, mimi niko barazani Tanga nachambua mchicha.

Habari hizo ziliponifikia nikamsimulia baba, hakunionea huruma hata kidogo.

"Sasa hao Wamarekani waliokuwa wamekaa pale," akauliza, "walielewaje?"

Nikamwambia huenda palikuwa na mtu kiti cha pembeni.

"Na wewe ungekuwepo ungemnong'oneza?"

"Ningempigia kelele, baba."